Muulizeni mama anataka kuvaa nini

Mwanamke akishavuka miaka 50, watu wengine huanza kumchagulia nguo. Hakuna kikao kinachokaliwa wala barua inayoandikwa. Unaona tu zawadi zimebadilika. Wewe uliyekuwa ukiletewa kitenge cha maua na viatu vya kisigino kifupi, sasa unaletewa doti ya kanga, sweta la rangi ya majivu na malapa. Ukienda Mwanjelwa kununua kitambaa, muuzaji anakutazama usoni, anaviruka vile alivyovitundika juu na kuinama chini ya meza. "Mama, hizi hapa za watu wazima." Anatoa kahawia, kijani kilichokolea, bluu nzito. Hajakuuliza unatafuta nini.

Mimi nina miaka 57. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya na nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Mama yangu ana miaka 81, anaishi Iringa, Kihesa, pamoja na kaka yangu mkubwa na familia yake. Kwa hiyo suala hili la mavazi ya wanawake wanaozeeka nalitazama kutoka pande mbili: mimi ndio kwanza naingia, mama yuko mbali mbele yangu. Mwaka jana niliona kwa macho yangu kwamba nguo inaweza kumfungia mtu ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi.

Kwetu huku nyanda za juu baridi nayo ina amri yake katika mavazi. Mwanamke wa Tanga au Dar es Salaam anaweza kuzeekea ndani ya dera jepesi. Iringa na Mbeya ziko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai asubuhi hukai nje bila sweta. Bibi wa huku utamtambua: gauni, juu yake sweta, juu ya sweta kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, kilemba, soksi. Ni mavazi ya heshima na yana akili, kwa sababu jua likitoka saa tano anaweza kuvua moja moja. Lakini tabaka zote hizo zinaficha jambo. Hakuna anayejua kama lile gauni la ndani linamtosha.

Sisemi kanga ni mbaya. Mwanamke wa Afrika Mashariki amekuwa nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa na pindo lake, mji wake na jina lake. Tumezaliwa tukapokelewa kwa kanga, tumebebwa mgongoni kwa kanga, na tutafunikwa kwa kanga. Ila kanga haina saizi. Ndiyo maana ni zawadi rahisi kumpa mzee. Huhitaji kumpima, huhitaji kujua bega lipi linauma, huhitaji hata kujua anapenda rangi gani. Unanunua, unapeleka, unapokea baraka, unaondoka.

Mama yangu amepangiwa nguo tangu ujana wake. Alikuwa na miaka 25, tayari ana watoto wawili, pale Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vipigwe marufuku. Kampeni yenyewe iliwaka zaidi Dar es Salaam, lakini habari zilifika Iringa. Mama anasimulia kwamba baba alirudi jioni moja akamwambia ashushe pindo la gauni lake la kwendea mjini, ingawa gauni lenyewe lilikuwa linafika magotini. Akalishusha. Anasema mstari wa pindo la zamani haukufutika, na kila alipolivaa alihisi watu wote wanautazama.

Miaka kumi baadaye ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita ukaja uhaba. Wasomaji wa rika langu mnakumbuka. Kiwanda cha Urafiki kilikuwapo tangu mwaka 1968, kimejengwa kwa msaada wa China, lakini kitenge na kanga vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Hapakuwa na kuchagua rangi, uliyoipata ndiyo uliyoivaa. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi, na mitumba ikajaa masokoni. Mama alikuwa amevuka miaka 40. Anasema ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kusimama mbele ya lundo la nguo na kuuliza moyo wake unataka nini. Moyo ulitaka koti jekundu la sufu. Alilivaa mpaka likatoboka viwiko.

Kujichagulia huko kulidumu kama miaka 30. Kisha sisi watoto tukapata mishahara, wajukuu wakakua, na nguo zikaanza kuletwa.

Mwaka jana mwezi Mei wifi yangu alinipigia simu. Mama haendi kanisani. Ilikuwa Jumapili ya saba. Mama huyu ninayemfahamu mimi alikuwa akienda ibada ya kwanza hata mvua ikinyesha, na akirudi anaweza kukusimulia mahubiri yote na nani alivaa nini. Walimpeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri, magoti yana maumivu ya uzee lakini anatembea. Mchungaji alikuja kumwona. Wamama wa jumuiya walikuja na sukari na sabuni. Wote walimuuliza swali moja na wote walipata jibu moja: "Sina nguo."

Watu walicheka. Kaka alifungua sanduku lake mbele ya wageni akahesabu doti 14 za kanga, nyingine bado hazijakatwa wala kupindwa. Gauni la kanisani lilikuwa limetundikwa ukutani, zuri, mjukuu alilileta kutoka Dodoma. Hapo kaka akaniambia kwenye simu kwa sauti ya chini kwamba pengine usahaulifu wa uzee umeanza.

Neno hilo lilinitia hofu kuliko habari nyingine zote. Mzee akishabandikwa jina hilo, hata akisema chai ina chumvi, watu wanatazamana. Anaweza kusema kweli tupu na asisikilizwe tena mpaka siku anazikwa. Na ugonjwa huo upo kweli, unawapata wazee wengi, kwa hiyo sikuweza kusema kaka anakosea kabla sijaona.

Shule zilipofungwa Juni nilipanda basi la asubuhi. Chimala, Makambako, Mafinga, kisha mteremko wa kuingia Ipogolo na ule mlima wa kupanda mjini. Nilimkuta mama ameketi jikoni kwenye kigoda karibu na moto. "Kamwene," akaniambia, akauliza habari za wanangu kila mmoja kwa jina lake, na akakumbuka kwamba yule wa mwisho alikuwa na mtihani. Nikaanza kupumua.

Kesho yake sikumuuliza kwa nini haendi kanisani. Nilimwambia, "Mama, hebu vaa kama unakwenda kanisani, nikuone."

Ilichukua karibu nusu saa. Gauni la Dodoma lina zipu mgongoni. Bega la kulia la mama halipandi, kwa hiyo hawezi kuifikia. Ni lazima amwite mtu, na Jumapili asubuhi katika nyumba yenye watoto sita kila mtu ana haraka zake. Mikono ya gauni ni myembamba, sweta haliingii ndani, na likivaliwa juu linabana. Mgongo wa mama umepinda miaka hii. Kwa hiyo kitambaa cha nyuma kimevutwa juu, gagulo linachungulia, na mbele gauni limeshuka mpaka vidoleni. Akipanda kile kilima cha kwenda kanisani analikanyaga. Juu ya yote hayo alijifunga kanga mabegani ili kufunika, na kanga ikawa inateleza. Mkono mmoja umeshika fimbo, mkono mwingine umeshika kanga.

"Sasa Biblia niishike na nini?" akaniuliza.

Kisha akasema jambo ambalo hakumwambia mchungaji. "Nikipiga magoti, walio nyuma yangu wanaona gagulo. Nikiinuka nakanyaga gauni. Siku ile nilipepesuka, kijana mmoja akanidaka kiunoni mbele ya watu. Hiyo ndiyo nguo, mwanangu?"

Nikamuuliza habari za zile doti 14.

"Zile ni za siku yangu," akasema. "Za kunifunika, na za watakaoniosha. Sasa unataka nizivae kabla?"

Basi mama alikuwa hana nguo. Alilisema jambo kama lilivyo, kwa maneno mawili, kwa muda wa wiki saba, na lilikuwa sahihi kila mara. Kichwa chake kilikuwa kizima. Kilichopungua ni mtu wa kumwambia avae amwone.

Tulikwenda kwa fundi cherehani Miyomboni, mwanamke wa kama miaka 40. Njiani mama alisimama kwenye duka la vitambaa akanyoosha fimbo kuelekea kitenge chekundu chenye mviringo wa manjano. Muuzaji akashusha cha kahawia kilichokuwa pembeni yake. Mama akapiga fimbo chini. "Nimeonyesha hicho."

Yule fundi alijua kazi yake, na ningependa mafundi wengine wajue alichofanya. Hakupima urefu mmoja kutoka begani hadi kiunoni akamaliza. Alipima mbele, kisha akazunguka akapima nyuma, na nyuma ikazidi kwa sentimita saba. Akanieleza kwamba mgongo ukipinda, nyuma panataka kitambaa zaidi na mbele panataka pungufu. Ukikata sawasawa kama unavyomkatia msichana, gauni lazima lipande nyuma na kushuka mbele, hata uwe umepima vizuri namna gani. Akaweka vifungo mbele, vikubwa, kwa sababu vidole vya mama vina uvimbe wa viungo na vifungo vidogo vinamshinda. Mikono akaiacha mipana ili sweta liingie ndani na uzuri wa kitenge ubaki nje. Urefu ukaishia kwenye muundi, juu ya kifundo cha mguu. Mifuko miwili pembeni: mmoja wa leso na sadaka, mwingine wa miwani. Masalia yakawa kilemba. Kabla ya kupinda pindo alimrudisha mama ajaribu, akamtembeza dukani huku na huku na fimbo yake, ndipo akapinda.

Kitenge kilikuwa shilingi 25,000, ushonaji 18,000. Jumla 43,000.

Hapo ndipo mambo yalipochacha nyumbani. Kaka yangu si mtu mbaya. Ndiye anayeamka usiku mama akiita, ndiye anayelipa dawa, na ana watoto wawili sekondari. Alisema, "Elfu arobaini na tatu kwa gauni la mtu wa miaka 81? Hiyo ni dawa ya magoti ya mwezi mzima." Nilijitolea kulipa. Akasema suala si nani analipa. Fedha ikiingia kwa mama ina mahali pake, na kama ninayo ya ziada niitume kwenye dawa. Sikuwa na jibu la kumfunga mdomo, kwa sababu hesabu yake ilikuwa ya kweli. Nilichoweza kumwambia ni kwamba magoti ya mtu anayekaa kwenye kigoda wiki saba nayo yanaharibika, na dawa hiyo haiuzwi.

Wifi yeye wasiwasi wake ulikuwa rangi. Mama ni mjane. Baba alifariki miaka minane iliyopita. "Mama mkwe, watu watasema," alimwambia kwa adabu, akiangalia chini.

Mama alikuwa anamenya viazi. "Rais aliapa amevaa mtandio mwekundu na nchi ikiwa msibani," akasema. "Mimi msiba wangu una miaka minane."

Ni kweli, Machi 19, 2021 Mama Samia aliapa akiwa na miaka 61, kichwani mtandio mwekundu, na sote tulimwona kwenye televisheni. Sikujua kama mama aliiweka akilini picha ile.

Lakini aliyelimaliza suala la fedha ni mama mwenyewe. Jioni ile alimtuma mjukuu amwite jirani anayefanya biashara ya nguo. Akafungua sanduku, akatoa doti nne ambazo hazijakatwa, akaziuza kwa shilingi 11,000 kila moja. Alimlipa fundi, na ile 1,000 iliyobaki akasema ni sadaka. Kaka alinyamaza muda mrefu. Kwake yeye zile kanga zilikuwa zimekwishawekwa kwa ajili ya msiba, na kuzigusa ni kama kumwita msiba uje. Mama akamwambia, "Zimebaki kumi. Mtanizika na zilizobaki."

Jumapili iliyofuata alivaa mwenyewe, mlango umefungwa, akatoka. Fimbo mkono wa kulia, Biblia mkono wa kushoto. Nilitembea nyuma yake kile kilima chote na nikaona pindo limekaa sawa pande zote. Kanisani mama mmoja wa makamo alinong'ona kitu kwa mwenzake na wote wawili wakatazama rangi ile, mimi niliwaona. Mzee mwingine wa rika la mama alimshika gauni, akageuza kifungo na kuuliza fundi ni nani. Sasa nasikia yule fundi ameshawashonea mabibi wengine watatu wa Kihesa.

Kaka na mimi hatujakubaliana mpaka leo. Bado anaamini ningetuma fedha. Ila mwezi wa nane alimnunulia mama viatu vya soli ya mpira visivyoteleza, na hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Niliporudi Mbeya nilifungua kabati langu mwenyewe. Waswahili husema ng'ombe hazeeki maini, na maini yangu bado yanapenda nguo. Lakini mwili wa miaka 57 si ule wa 35, na nguo iliyoshonwa kwa mwili ule inakutukana kila asubuhi. Kiuno kimejaa, kifua kimeshuka, mguu umetanuka. Wanawake wenzangu wengi tunajibu mabadiliko haya kwa njia mbili: ama tunajibana ndani ya nguo za zamani, ama tunajifunika gunia la rangi ya udongo na kusema tumekua watu wazima. Njia ya tatu ni kurudi kwa fundi na vipimo vipya. Nitawaambia niliyoyafanya, kila mmoja achukue linalomfaa.

Masweta ya kuvalia kichwani niliyatoa, nikabaki na ya vifungo mbele. Wanawake walio kwenye ukomo wa hedhi wananielewa. Uko darasani, nje kuna ukungu, ghafla joto linapanda kutoka kifuani mpaka usoni kama umeinamia jiko. Sweta la vifungo unalifungua bila watoto kugundua. La kuvalia kichwani linakuvua na kilemba. Ndani vaa pamba, inanyonya jasho. Polista inakuacha umelowa, na dakika kumi baadaye baridi inakuingia mifupani.

Polista ina hatari nyingine kwa mabibi zetu wanaokaa karibu na moto kutwa nzima. Ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Mama mzee anayepika kwa kuni au kuota moto wa mkaa apewe pamba au sufu, na kanga yake ifungwe isining'inie. Ukienda kwenye mitumba, sufu na pamba zipo. Ipapase, soma kibandiko cha ndani, kisha kagua kwapa na mishono kwenye mwanga. Koti la sufu lililotoka Ulaya na vifungo vyake vikubwa linaweza kumfaa bibi wa Mafinga kuliko blanketi.

Viatu nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kutembea, ndipo utajua vinabana au la. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Ugonjwa huo huweza kupunguza hisia za miguu, kiatu kikakuchubua usijue mpaka kidonda kimekuwa kikubwa. Kagua nyayo kila siku, na malapa yaliyoisha soli yatupwe, yamewaangusha wazee wengi.

Mvi ni uamuzi wako. Mimi nimeziacha, rafiki yangu wa ofisini anapaka rangi nyeusi kila mwezi, na wote tumependeza. Anayepaka ajue kwamba rangi nyeusi za nywele na piko huwa na kemikali inayoweza kuunguza ngozi ya baadhi ya watu, hata waliozizoea miaka mingi. Pima kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku mbili.

Na hizi kamati zetu za harusi. Sare ni jambo jema, linapendeza kwenye picha. Lakini kumlazimisha mama wa miaka 60 avae mshono uliokatiwa msichana wa miaka 25, mgongo wazi na mkia wa samaki, ni kumchangisha fedha kwa ajili ya aibu yake. Toeni kitambaa kimoja, kila mtu aende na mshono wake. Picha haitaharibika.

Kuna wanaosema mwanamke akizeeka akipenda nguo anatafuta ujana. Wapo pia wanaosema anayevaa kizee amejikatia tamaa. Mimi namfahamu mwalimu mwenzangu wa miaka 59 anayevaa suruali kila Jumamosi akienda sokoni Uyole, na namfahamu shangazi yangu kule Tukuyu ambaye tangu afikishe 50 hajavaa kitu zaidi ya kanga na blauzi nyeupe. Ukiwauliza, wote wawili watakuambia wamejichagulia. Hapo mimi sina la kuongeza kwa yeyote kati yao.

Lakini wapo wengi ambao hawajaulizwa. Kama una mama, bibi, shangazi au mama mkwe ambaye siku hizi hatoki, haendi kanisani wala msikitini, haendi kwenye kikoba, anakataa harusi na anakuambia amechoka tu, kabla hujaanza kunong'ona kuhusu akili yake, mwombe avae kama anatoka. Kaa umtazame. Angalia zipu iko wapi, mkono unafika wapi, pindo limekaaje nyuma. Mkague na miguu. Mpeleke hospitali pia, sikatai, maana magonjwa yapo. Ila hili la kumtazama akivaa halina foleni wala gharama, na majibu yake unayapata siku hiyo hiyo.

Desemba shule zikifungwa nakwenda tena Iringa. Mama ameshatuma ujumbe kupitia kwa mjukuu wake. Anataka gauni la pili, safari hii la bluu ya bahari, na mfuko wa kulia uwe na kina zaidi, kwa sababu miwani inachungulia. Fedha anayo. Sanduku, anasema, bado lina doti kumi.